Dakta Livingstone na Makaratasi Yake

Muhula uliopita wenzetu wanne wa Kidato cha Tatu walipoteza kazi ya miezi miwili. Walikuwa wametunga programu ya kompyuta ya kuhesabu mvua inayopimwa katika shamba la shule, na kazi yote waliiweka katika flashi moja tu. Flashi ile ikaanguka katika ndoo ya maji, na huo ukawa mwisho wake. Mwalimu wetu mmoja, alipopata habari, alisema kwamba Dakta Livingstone angewaonea huruma sana vijana wale. Tulicheka, lakini hatukujua maana yake. Nimekwenda maktaba kutafuta habari za maisha ya bwana huyu, na sasa naona mwalimu hakufanya mzaha.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda cha pamba, na kazi yenyewe ilianza saa 12 asubuhi ikaisha saa 2 usiku. Alikuwa akiweka kitabu juu ya mashine ya kusokota nyuzi, akawa anasoma sentensi moja moja kila apitapo mbele yake. Kwa njia hiyo, na kwa masomo ya usiku, akapata elimu ya kutosha kuingia chuo cha Glasgow na kusomea udaktari. Mwaka 1841 alifika Afrika ya Kusini akiwa mmisionari.

Safari zake zimeandikwa katika vitabu vingi, wala sina nafasi ya kuzieleza zote hapa. Kila mtoto wa shule amesikia habari za Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya mto Zambezi aliyoyaona mwaka 1855 akayapa jina la malkia wake, ingawa yalikuwa na jina lake tangu zamani. Mimi nataka kueleza jambo ambalo halisemwi mara nyingi, yaani mambo yaliyoyapata makaratasi yake.

Pigo la kwanza lilimfikia mwaka 1852. Alikuwa na nyumba huko Kolobeng, katika nchi ya Wakwena wa mfalme Sechele, na ndani yake palikuwa na vitabu na dawa zake. Alipokuwa mbali safarini, Makaburu wa Transvaal waliwashambulia watu wa Sechele, na nyumba ile wakaivunja. Vyombo vilichukuliwa, chupa za dawa zikavunjwa, na vitabu vikararuliwa kurasa zake zikatupwa ovyo nje. Livingstone aliona uchungu zaidi kwamba vitabu havikuibwa. Kama vingeibwa, angalau pangekuwa na mtu mahali fulani anayevisoma.

Pigo la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo. Mwezi wa Novemba 1853 aliondoka Linyanti, mji wa Wakololo, pamoja na watu 27, kwenda kutafuta njia ya kufika pwani ya magharibi. Walifika Luanda tarehe 31 Mei 1854, naye alikuwa amekonda kwa homa hata hakuweza kukaa juu ya ng'ombe aliyempanda. Bandarini palikuwa na meli za Kiingereza, na wakubwa wake walimsihi apande arudi kwao apumzike. Akakataa, kwa kuwa aliwaahidi wale watu 27 kwamba atawarudisha makwao. Lakini barua zake, ramani zake na daftari la safari aliyapeleka Uingereza kwa meli ya posta iliyoitwa Forerunner, kisha akaanza kurudi bara.

Meli ile ilizama karibu na kisiwa cha Madeira katika mwezi wa Oktoba 1854. Afisa aliyekabidhiwa makaratasi aliokoka, lakini makaratasi yenyewe yalikwenda chini pamoja na meli. Habari zilimkuta Livingstone mahali panapoitwa Pungo Andongo, nyumbani kwa Mreno mmoja aliyemkaribisha vizuri. Je, alifanya nini? Alikaa mezani akaanza kuandika upya. Alikaa hapo hata mwisho wa mwaka, akirudia barua na ramani alizokwisha kuzimaliza mara moja. Watu waliowahi kufanya kazi hiyo husema kwamba kuandika mara ya pili ni kuzito kuliko mara ya kwanza, maana moyo haumo tena. Wale wenzetu wanne wanaweza kutoa ushahidi.

Tena fikirini jambo hili. Kama angekubali kupanda meli, huenda naye angezama pamoja na daftari lake. Ahadi yake kwa wale Wakololo ndiyo iliyomweka nchi kavu. Aliporudi Linyanti mwaka 1855, karibu miaka miwili tangu aondoke, alilikuta gari lake na mali yake yote aliyoacha humo vikiwa salama, wala hapana kitu kilichoguswa. Kwa hiyo kitu alichokipa meli imara ya posta kilipotea, na kitu alichowaachia majirani zake kilihifadhiwa.

Palikuwa na msaada mwingine. Huko Cape aliishi rafiki yake Bwana Maclear, mtaalamu wa nyota wa serikali. Livingstone alikuwa akipima mahali alipo kwa kutazama mwezi na nyota kwa chombo maalumu, kisha tarakimu zake akimpelekea Maclear azihakikishe. Hivyo tarakimu zilikuwa mahali pawili, na ni katika macho ya mtu wa pili aliyeweza kuona kosa. Nadhani faida hii ya pili ni kubwa sawa na ile ya kwanza.

Tarehe 20 Mei 1856 alifika Quelimane, pwani ya mashariki. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake huko London, kikauzwa sana, naye akawa mtu mashuhuri. Safari yake ya pili, ya mto Zambezi na ziwa Nyasa, tangu 1858 hata 1864, ilikuwa na ugomvi mwingi na mauti. Mke wake, Mary, alifariki huko Shupanga mwaka 1862. Naipita safari hii upesi, maana ile ya tatu ndiyo inayotuhusu.

Mwaka 1866 alifika Unguja, akavuka mpaka Mikindani, na kutoka huko akaingia bara kwa njia ya mto Ruvuma. Kwa wakati huo alikwisha kuwa na desturi yake ya kuandika. Mfukoni alichukua vijitabu vidogo, na humo aliandika kila siku palepale njiani: mvua, joto, majina ya mito na ya majumbe, bei ya chakula, na watumwa aliowakuta wamefungwa minyororo. Kisha walipopumzika kijijini siku kadhaa, aliyanakili hayo yote kwa wino katika daftari kubwa. Kijitabu hakikutupwa baada ya kunakiliwa.

Desturi hiyo ilihusu maandishi. Kuhusu dawa hakuwa na desturi kama hiyo. Dawa zake zote, pamoja na kwinini, zilikuwa katika sanduku moja, na tarehe 20 Januari 1867 mizigo ilibadilishana mikono njiani, na watu wawili wakatoroka na sanduku lile. Walitafutwa, hawakuonekana. Livingstone aliandika kwamba alijisikia kama mtu aliyehukumiwa kufa. Alikuwa daktari, naye kuanzia siku hiyo alitembea katika nchi ya homa bila dawa.

Barua pia zilimpa taabu. Watu fulani waliomkimbia walikwisha kufika Unguja na kutangaza kwamba ameuawa. Lakini barua alizowapa wafanya biashara waliokuwa wakienda pwani zilifika, na mwaka 1868 watu wa Uingereza wakajua kwamba yu hai. Bahati haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1869, alipokuwa Ujiji, aliandika rundo la barua, na watu wa huko hawakutaka kuzichukua, maana waliogopa kwamba habari za biashara ya watumwa zitamfikia balozi wa Uingereza. Nyingi ya barua hizo hazikuonekana tena. Hapa hapakuwa na dhoruba wala moto. Njia ilikuwa moja, na wenye njia hawakutaka neno lipite.

Kutoka Ujiji alivuka ziwa kwenda Umanyema, nchi iliyomo katika Kongo ya leo. Alikaa huko miaka miwili, muda mrefu akiwa hawezi kutembea kwa vidonda vya miguu. Karatasi zikamwishia, kisha wino. Basi alichukua gazeti kuukuu, Standard la London la tarehe 24 Novemba 1869, akaligeuza upande na kuandika juu ya maandishi ya chapa, mstari ukikata mstari. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mmea wenye rangi nyekundu. Nimeona picha za karatasi hizo. Kwa kweli ukizitazama utadhani ni karatasi za kufungia karanga.

Lakini juu ya karatasi hizo aliandika jambo kubwa kuliko yote aliyoyaona katika maisha yake. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, penye soko kubwa kando ya mto Lualaba. Siku hiyo walikuwako watu wapata 1,500, wengi wao wanawake waliokuja kuuza chakula chao. Watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanya biashara ya watumwa, walianza kupiga risasi katikati ya soko. Watu wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, wengi wakajitupa mtoni wakazama. Hesabu waliyompa ilikuwa watu kati ya 330 na 400.

Livingstone aliacha kila shauri lingine akarudi Ujiji. Njiani walishambuliwa mwituni, na mkuki mmoja ulimkosa kidogo tu. Habari za Nyangwe zilikuwa mzigoni mwake, katika karatasi za gazeti na wino wa mbegu. Alifika Ujiji katika mwezi wa Oktoba 1871, akakuta mtu aliyekabidhiwa mali yake amekwisha kuiuza yote, akidhani mwenyewe amekufa.

Siku chache baadaye alifika Bwana Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Kukutana kwao kunajulikana na kila mtu. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba Livingstone, alipopata chakula na nafasi, alifanya kazi ya kunakili. Yale ya kwenye gazeti aliyaandika tena katika daftari kubwa, kwa mwandiko mzuri. Walipoagana huko Tabora tarehe 14 Machi 1872, Stanley alichukua daftari hilo, limefungwa na kupigwa lakiri, apewe binti yake Agnes alitunze. Alichukua na barua. Livingstone mwenyewe alikataa kwenda, akabaki na vijitabu vyake.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kali, mito ikafurika. Stanley ameeleza jinsi kijana mmoja alivyovuka mto akiwa na sanduku la makaratasi ya Livingstone kichwani, akaingia mahali pa kina kirefu akaanza kuyumba. Stanley alimwelekezea bastola, akamwambia kwamba akiliangusha sanduku atampiga risasi. Kijana akavuka salama na sanduku lake. Mimi sioni kwamba bastola ilimsaidia mtu aliyekwisha shikwa na mkondo wa maji. Miguu yake ndiyo iliyomvusha, na Stanley angefanya vizuri zaidi kama angeyagawa makaratasi katika mizigo miwili.

Barua zilifika London katikati ya mwaka 1872, na habari za Nyangwe zilisomwa kila mahali. Watu waliokuwa wakipinga biashara ya watumwa walipata nguvu mpya, na serikali ya Uingereza ikamtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba, na masoko ya watumwa katika nchi zake yakafungwa. Zilikuwako sababu nyingine za mkataba huo, hasa nguvu ya manowari za Kiingereza, lakini hapana shaka kwamba karatasi za Nyangwe zilikuwa na sehemu yake.

Mwandishi wake hakupata kujua. Alikwisha fariki mwezi mmoja kabla, mwanzo wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Neno lake la mwisho katika kijitabu ni la tarehe 27 Aprili.

Hapo ndipo kazi ya kutunza ilipowaangukia watu wengine. Chuma na Susi walikuwa pamoja naye tangu mwaka 1866. Jacob Wainwright alikuwa kijana wa Kiyao, aliyeokolewa katika utumwa akasomeshwa Nasik, Bara Hindi, naye alikuja na watu waliotumwa na Stanley. Alikuwako pia Halima, mpishi wao, na wengine wengi. Jambo la kwanza walilofanya ni kuwaita watu wote, wakafungua masanduku mbele ya macho ya kila mtu, na Jacob akaandika orodha ya kila kitu kilichomo, ili baadaye asiwepo mtu wa kusema hiki kilikuwapo au hakikuwapo. Kama ningeulizwa ni jambo gani katika habari hii yote linalostahili kuigwa katika stoo ya shule, ningesema ni orodha hiyo.

Moyo wake waliuzika chini ya mti mkubwa, na Jacob akachonga jina lake juu ya mti. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga katika magome ya mti, wakaanza safari ya zaidi ya maili 1,000 kwenda pwani. Huko Tabora walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Aliwashauri wauzike mwili hapohapo. Wakakataa. Alifungua masanduku akachukua vyombo vya kupimia vilivyomfaa kwa safari yake mwenyewe, jambo lililowaudhi sana watu waliovilinda kwa miezi kadhaa. Mbele ya Tabora walisikia kwamba wenyeji hawataki maiti ipite katika nchi yao. Basi walitengeneza mzigo wa uongo wenye umbo la maiti, wakawatuma watu waurudishe nyuma hadharani kana kwamba unakwenda kuzikwa, na mwili wa kweli wakaufunga kama mtumba wa nguo. Wakapita. Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo, na mwili na vijitabu vyote.

Wengi wao walilipwa mishahara yao wakaambiwa waende zao. Livingstone alipozikwa London katika Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874, katika wale waliombeba alikuwako Jacob peke yake. Chuma na Susi walifika baadaye, kwa gharama ya rafiki mmoja wa marehemu. Hilo halikuwa jambo la haki, na linaumiza kulisoma hata leo.

Hata hivyo kufika kwao kulileta faida kubwa. Daftari lililokuja na Stanley na vijitabu vilivyokuja na Chuma na Susi viliwekwa pamoja mbele ya Bwana Horace Waller, aliyevitengeneza viwe kitabu, nao wakakaa naye wakimweleza majina na mahali. Kitabu kilitoka mwaka huohuo, juzuu mbili. Waller aliandika kwamba tangu Unguja 1866 hata Chitambo 1873 halikupotea neno la siku hata moja. Livingstone alikosea katika jambo kubwa, maana alidhani mto Lualaba ni mwanzo wa Naili, na Stanley alihakikisha mwaka 1877 kwamba ni Kongo. Lakini tarikh zake na vipimo vyake vilikuwapo, na waliokuja nyuma waliweza kuvitumia kusahihisha.

Karatasi za gazeti zilibaki Uskoti zikasahauliwa karibu. Wino wa mbegu ulififia hata pengine hausomeki kabisa, na watu waliridhika na nakala. Mwaka 2010 wataalamu walianza kuzipiga picha kwa taa za rangi mbalimbali, nyingine za mwanga usioonekana kwa macho, kisha kompyuta ikatenganisha wino wa mbegu na wino wa gazeti. Mwaka 2011 walitoa picha hizo hadharani katika intaneti. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba nakala nzuri aliyoiandika mwenyewe haikuwa sawasawa na ya kwanza. Baadhi ya maneno makali aliyoandika juu ya watu waliotumwa kwake kutoka pwani ameyalainisha, na mengine ameyaacha.

Picha hizo nimezitazama katika kompyuta ya maktaba yetu. Katika picha ya kwanza, iliyopigwa kwa mwanga wa kawaida, huoni ila matangazo ya gazeti na madoa mekundu. Katika picha ya pili matangazo yamefifia, na juu yake umesimama mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka, mistari imekwenda upande upande mpaka ukingoni mwa karatasi.